Choo cha Mama Mkwe

Feliksi, Bwana Afya wa Gungu, hakuwa na haya na choo cha mtu. Mwaka ule wakimbizi walipokuwa wakishuka ufukweni Kibirizi boti baada ya boti, na kipindupindu nacho kikashuka bila kualikwa, aliingia nyua za watu mchana kweupe na tochi mkononi, akainama, akamulika shimo, akaandika daftarini. Hata kwa shehe aliingia. Hata kwa padri. Asiye na choo hauzi chakula, basi. Ulie, ucheke, banda linafungwa.

Nyumba moja tu ilimshinda: ya Mama Leonia, mkwe wake.

Jamani, msimcheke. Mkwe ni mkwe. Kwa Waha, mtu na mama mkwe wake hata njiani wanapishana mmoja ameangalia migomba. Sasa leo ainame kwenye shimo la mama aliyemzalia mke? Astaghafiru! Basi kila wiki akifika kwenye uzio wake wa matete alikohoa, akatazama juu kana kwamba anatafuta mvua, akaandika, "Choo kipo. Safi." Kisha huyoo, ameondoka.

Watu wa Gungu nao hawana dogo. Mwinshehe, muuza samaki wa kukaanga aliyewahi kufungiwa banda siku tisa, alimwita barabarani.

"Bwana Afya! Hebu tuambie, choo cha mkweo kina mfuniko wa rangi gani?"

"Hiyo ni siri ya serikali," Feliksi akajibu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kilikauka Alhamisi moja, mtoto wa jirani yake Mama Leonia alipobebwa kwa machela, macho yamezama. Feliksi aliogopa kwelikweli. Kwa mkwe wake walikuwa wakilala watu kumi na wanne, ndugu zake waliokimbia Burundi, na wote waliishi kwa banda lake la ugali na samaki wa migebuka kule Kibirizi. Akamtuma mkewe, Honorata, akatazame.

"Choo gani?" Honorata alisema aliporudi. "Kilititia masika."

"Masika haya?"

"Ya mwaka jana. Wanakwenda migombani."

"Mama mbona hakusema?"

"Amwambie nani, wewe? Anasema kila wiki alikuona unaandika. Akajua umeona, umemsitiri."

Loo! Feliksi alikaa chini pu. Kumbe heshima yake yote ile ilikuwa inawapeleka watu migombani. Akiandika ukweli, banda linafungwa na watu kumi na wanne wanashinda njaa. Asipoandika, machela itarudi, na safari hii haitaishia kwa jirani.

Akalifungua daftari. Akaandika: "Choo hakuna. Banda lifungwe." Kisha akamwambia Honorata aazime sufuria kubwa, maana wageni kumi na wanne watakula kwake mpaka banda lifunguliwe.

Asubuhi alifika kwa mkwe wake na sururu begani. Alikuwa ameliwaza jambo akaliwazua: choo ambacho hakijatumiwa si choo, ni shimo tu, na mila gani inamkataza mtu kumchimbia mkwewe shimo? Zamani si ndivyo wake walivyopatikana, kwa kumlimia mkwe kwa jembe?

Wageni wawili wakashika koleo bila kuombwa. Mwinshehe alikuja kucheka. Jua halijapanda, yuko anavuta ndoo za udongo na kulalamika kiuno. Mama Leonia alijifungia jikoni, uji wa wachimbaji akiupitisha kwa mkono wa Honorata.

Siku ya tano magogo yalikwisha kulazwa na uzio umesimama. Feliksi akainama, akamulika shimo kavu la mkwe wake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Akaandika, "Choo kipo. Safi. Banda lifunguliwe." Akabaki amesimama palepale, anaitazama kazi yake, machozi yanamlengalenga.

Sauti ya Mama Leonia ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni.

"Honorata, mwambie mkwe wangu Mungu ambariki, yeye na kizazi chake."

"Amesikia, mama."

"Haya, sasa mwambie aondoke upesi. Watu kumi na tano tumebanwa, tunamngoja yeye."