Gazeti Lisilo na Vifo

Baba mkwe wangu alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa magazeti mpaka alipostaafu. Macho yalipomwishia akahamia kwetu, na kila asubuhi mke wangu humsomea gazeti kabla ya kwenda kazini. Mimi nachomelea mageti hapo uani, kwa hiyo nasikia kila kitu.

Mzee ana presha. Akisikia habari mbaya, hagusi chakula. Basi mke wangu akaanza kuruka. Kwanza ajali, halafu wizi, mwisho ukurasa mzima wa vifo. Penye pengo anajazia za kwake: barabara zimetengenezwa, sukari imeshuka bei.

"Hili gazeti limeharibika," mzee akaniambia siku moja.

"Limekosa nini, Baba?"

"Wiki nzima hajafa mtu. Matangazo ya vifo ndiyo yaliyokuwa yakitulipa mishahara. Hawa wa sasa wanakula nini? Siliamini tena."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Magazeti aliyaamini kuliko redio na majirani, maana aliyapokea yakiwa bado na joto la mtambo.

Siku chache baadaye mke wangu alinifuata uani, gazeti kalikunja. Akanionyesha picha ya Wino, kama walivyomwita mtamboni, mzee aliyefanya kazi na baba yake kwenye mtambo ule miaka yote. Kafariki. Anazikwa siku hiyo hiyo, alasiri.

"Mimi nachelewa. Msomee wewe, ila huu ukurasa usiuguse."

"Atakosa kumzika rafiki yake."

"Na nikimzika yeye je? Presha yake unaijua. Ruka tu, baba watoto."

Akaondoka. Mimi shule niliiacha mapema, nasoma kwa kidole, neno moja moja. Nikaketi karibu na mzee, nikaanza na michezo. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri gari bovu liwake.

"Unasoma kama unavunja mawe," akasema.

"Ndiyo shule niliyonayo, Baba."

"Endelea. Wewe huna mwendo wa kuongopa. Binti yangu siku hizi anateleza mno, kama anasoma ukuta usio na maandishi."

Hapo nikaelewa. Gazeti hakuwa na shida nalo. Aliyeacha kumwamini ni mwanawe.

Nikafungua ukurasa ule. Nikasoma jina kamili la Wino, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Mzee akanishika mkono.

"Rudia."

Nikarudia. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Nitafutie koti. Halafu mpigie mwanangu simu aje anishike mkono. Yeye, si wewe."

Alikuja kanuna, akanikazia macho mlangoni. Kabla hajafungua mdomo, baba yake akamwahi.

"Mama, presha ni yangu, na rafiki ni wangu. Twende."

Wakaenda, wakarudi jioni wameshikana mikono. Njiani walizungumza nini, hawakuniambia, nami sikuuliza.

Asubuhi mke wangu akafungua gazeti. "Nianzie wapi, Baba?"

"Unajua."

Akasoma vifo vyote, watu tusiowafahamu hata mmoja, pole pole, kidole chini ya kila mstari ingawa yeye hakihitaji. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapapasa meza kutafuta chai yake.

"Haya," akasema. "Leo mishahara imelipwa."