Seva ya Pili Yaomba Ruhusa ya Msiba

Jana mchana nililalia meza ya ofisini, na ndoto ikanichukua hapohapo, viatu mguuni.

Niko bohari ya chanjo, mimi ndiye fundi. Nimeng'oa kompyuta kuukuu za maandishi ya kijani na kuweka seva tatu, ili makarani waione skrini yao ileile kupitia kivinjari. Nimeapa mbele ya watu kwamba seva moja ikizima, nyingine zitapokea kazi yake na hakuna mstari utakaopotea. Bi Mashavu, karani mwenye miaka thelathini kazini, alinitazama tu. Kompyuta iliwahi kummezea orodha nzima, lori likakwama juani na chanjo za watoto zikaharibika.

Sasa anaandika orodha ya leo. Lori linanguruma nje. Kila mstari unatoka kwenye skrini kwa miguu yake na kupanga foleni mlangoni, bawabu anauelekeza: "Wewe, seva ya kwanza. Wewe, ya pili."

Seva ya pili inanyanyuka.

"Fundi, naomba ruhusa. Nimefiwa na shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Kompyuta uliyoing'oa Jumatatu. Anazikwa leo."

Msiba ni msiba.

"Na mistari uliyobeba?"

"Namwachia dada, seva ya tatu."

Mistari mia mbili na kumi imejaa kwenye sinia mikononi mwake, inagongana kama vikombe vya kahawa. Bi Mashavu anavua khanga yake na kuitanda seva bila kuacha kuandika.

"Huendi msibani kichwa wazi, mwanangu. Nifikishie pole."

Ofisi inageuka makaburi. Seva ya tatu inapokea sinia katikati ya neno. Kishale kinapepesa mara moja, kinaendelea. Hakuna hata herufi iliyomwagika! Maboksi ya chanjo yanapiga vigelegele, nami navipokea, sioni haya.

"Fundi! Amka, baba."

Bi Mashavu alikuwa amesimama mbele yangu, anacheka.

"Lori limeondoka. Maboksi mia nne na kumi na mawili, na mashine haikukwama hata kidogo. Umenitua mzigo. Ila khanga yangu siioni."

Nilikimbilia chumba cha seva. Ya pili ilikuwa imezima, na kumbukumbu zilionyesha ilizima tangu saa saba, katikati ya orodha. Juu yake palikuwa na khanga, imekunjwa vizuri, inanukia ubani.

Nilimrudishia kwa mikono miwili.

"Pole yako imefika," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, akajitanda, akarudi kazini.