Hatua Hamsini Chini ya Lango

Saa nne asubuhi Syokau alikuwa barazani akichambua ndengu, zikaanza kubingirika kutoka kwenye ungo kuelekea bondeni. Hapo Kanyangi kwake hapakuwa na bonde. Shamba lilikuwa tambarare hata maji ya kufulia yakimwagwa hukaa palepale mpaka jua liyanywe. Aliweka kijiwe chini ya ungo, akaendelea. Kufikia saa sita nyumba ilikuwa juu ya kilima, na jiko limebaki nyuma kidogo, kama mtoto asiyetaka shule.

Mwanawe Muthama hakuwepo. Alikuwa amelala nyumbani usiku mmoja tu, wa kwanza baada ya miaka sita, kisha alfajiri akatoka na baiskeli kufanya mazoezi.

Muthama alikuwa mwendeshaji baiskeli wa kulipwa, na kazi yake ilikuwa milima. Alianza kwa kupeleka mikate kutoka Wote kupandisha Mbooni, na hakuwahi kushuka akasukuma. Timu ya ng'ambo ikamwona, ikamchukua. Huko walimfundisha kitu kimoja: amtangulie kapteni wa timu mlimani, amkinge upepo, na zikibaki hatua hamsini kufika kilele, asogee kushoto, atazame nyuma, ampishe. Kapteni hupita akainua mikono. Muthama hufuata baadaye, watu wakikunja mabango. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa amerudi na neno moja kwa mama yake: hataki tena. Anataka kupanda mlima hata mmoja ulio wake.

Jioni alirudi, akakipanda kile kilima bila kuhema. Alipofika hatua hamsini chini ya lango, alisogea kushoto, akatazama nyuma, akasimama.

"Ingia, chakula kinapoa!" Syokau aliita.

"Nangoja, Mwaitu," alimjibu mama yake.

"Unangoja nani?"

"Kapteni apite."

Kapteni alikuwa kwao ng'ambo, likizoni, na mbwa wake wawili.

Syokau alishuka akamshika mkono, akavuta. Miguu ya kijana haikusogea. Ilikuwa kama nguzo za ua. Walijaribu bila baiskeli, mambo yakawa yale yale. Jirani yake Kaluki, mwanamke wa mdomo mwingi, akapita kwa makusudi na mtungi wa maji mgongoni.

"Haya, nimekupita! Twende!"

"Si wewe, Auntie."

"Hee! Siku hizi hata kupita mtu kunataka cheo!"

Basi Muthama alikula muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pale mteremkoni, na Syokau akamtandikia chini ya turubai. Kitanda chake kijana alikiona kupitia dirishani, kwa mbali, kimetandikwa.

Syokau ana diploma ya kilimo. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafundisha watu wa Kitui na Makueni kwamba udongo usiolindwa huondoka. Alipoona kilima kipya, kitupu, kiko kwake, hakuwaza mara mbili. Aliita mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu, na Kaluki ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza kilima kimetoka wapi. Waliuliza mitaro ni mingapi. Kwa siku nne walichimba matuta ya fanya juu, udongo wakiurusha upande wa juu, nyasi wakizipanda ukingoni.

Novemba mvua ikanyesha kwa hasira. Mashamba ya chini yalichukuliwa nusu. Kilima hakikupoteza hata kibaba cha udongo.

"Mama Muthama," Kaluki alisema taratibu, akikitazama. "Bila matuta, hii mvua si ingekimaliza leo? Si kijana angekuwa ndani?"

Syokau aliyakagua matuta. Ilikuwa kazi safi. Hilo ndilo lililomuuma.

Mwezi wa kumi na mbili akaja Yvonne, wakala wa timu, kutoka Nairobi. Alikipima kilima kwa simu kabla ya kusalimia mtu.

"Mwinuko asilimia kumi na moja! Na ni hapa tu nyumbani! Timu itapenda sana."

"Binti, huyu hafiki kitandani kwake," Syokau alisema.

"Mama, hiyo ndiyo nidhamu yake. Ndiyo maana wanamtaka miaka mitatu zaidi."

"Yeye hataki."

"Alitia sahihi akiwa na miaka ishirini. Timu ikitaka kuongeza, inaongeza. Na hawezi kupanda kwa ajili ya mtu mwingine."

"Basi andika kwenye mkataba kwamba ataruhusiwa kufika."

"Kipengele cha kufika ni cha kapteni, Mama."

"Kama sahihi yake haihitajiki, wewe umekuja kufanya nini?"

"Kumletea fulana mpya," Yvonne alisema, akashuka kumkabidhi Muthama. Ilimkaa vizuri.

Muthama aliondoka Januari. Kushuka hakukumsumbua hata kidogo. Siku hiyo hiyo Syokau alichukua jembe akabomoa tuta la juu kabisa. Jumamosi mwethya walikuja, wakalijenga upya, wakamtoza kuku mmoja, maana sheria ya kikundi ni kwamba mwenye kuharibu tuta hulipa, na sheria hiyo aliiandika Syokau mwenyewe.

Julai watu walijaa katika duka la Farouk pale sokoni kutazama mashindano ya ng'ambo kwenye runinga. Muthama alikuwa mbele, peke yake, mdomo wazi, kapteni nyuma ya mgongo wake. Zikabaki hatua hamsini. Akasogea kushoto. Akatazama nyuma.

"Mkamba wetu!" duka zima lilipiga kelele, kapteni akiinua mikono.

Syokau alinunua chumvi, akaenda nyumbani.

Jioni hiyo alipakua muthokoi, akafunika sahani kwa sahani, akahesabu hatua hamsini kutoka langoni, akaiweka juu ya jiwe, upande wa kushoto. Asubuhi ilikuwa tupu, imefutwa kwa mkate kama Muthama alivyozoea tangu utoto. Alama ya tairi ilipanda kati ya matuta moja kwa moja mpaka pale, ikasogea kushoto, ikaishia hapo. Kutoka hapo hadi langoni umande ulikuwa haujaguswa.

Syokau aliosha sahani. Tangu hapo hupakua kila jioni, na ndengu alizopanda kilimani mwaka huu zimezaa vizuri kuliko za tambarare.