Kaburi Lisilo na Msalaba

Hildegarda aliporudi Magole kutoka Mikumi, alikokuwa akimuuguza binti yake, alikuta shamba la ukoo wa marehemu mumewe limekwisha kuuzwa. Shemeji zake walikuwa na haki ya kuliuza, na hilo hakulipinga. Tangazo lilikuwa limebandikwa katika ofisi ya kijiji. Makaburi yenye misalaba yalikuwa yamehamishwa mbele ya mchungaji. Mnunuzi, jirani yao Evarist, hakuwa ameruka hatua hata moja.

Hata hivyo, nyuma ya jiko la zamani alikuwa amelala mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi ya ukoo ule, kichanga aliyefariki kabla ya kuota meno hakuwekewa msalaba. Wanawake ndio waliomzika, nao hawakumwonyesha mwanamume yeyote mahali pale. Hata mama mzazi hakuonyeshwa, ili asije akapafanya pa kulilia na kukosa uzazi mwingine. Siku ile Hildegarda alikuwa amelazwa ndani; alichoambiwa ni nyuma ya jiko tu. Kati ya waliozika, aliyebaki hai ni mmoja tu: Salome, mke wa Evarist.

Alikwenda kwao jioni. Evarist alimkaribisha kiti, akamsikiliza bila kumkatiza. Hildegarda hakudai shamba. Aliomba trekta ipishe sehemu ya nyuma ya jiko, padogo tu, panapotosha kutandika mikeka miwili.

"Msiba ule nilihudhuria, mama," Evarist alisema. "Lakini sheria inahesabu kaburi linaloonekana. Nionyeshe kaburi, nami nitalihamisha kwa gharama yangu."

"Unajua kwamba siwezi kukuonyesha."

"Basi nikiacha hapo leo, kesho atakuja mwingine na kichanga chake. Mwishowe nitalima barabarani."

Salome alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hildegarda alimgeukia.

"Salome, wewe ndiye uliyeshika jembe. Mwambie."

Mikono ya Salome ilisimama juu ya ungo. Alimtazama mumewe, kisha akainamia mchele wake tena. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba mambo yale hayasemwi mbele ya wanaume, na kwamba hata Hildegarda mwenyewe alilelewa hivyo.

Evarist hakuuliza zaidi. Alikuwa ameiona mikono ya mkewe ikisimama. Angeweza kutoka nje kidogo, wanawake wakazungumza. Badala yake aliagiza chai.

Asubuhi Hildegarda alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, Amon, kijana mpole aliyemwamkia kwa heshima na kumweleza jambo lilelile: taratibu zote zimefuatwa, ofisi haina uwezo wa kumzuia mtu kulima shamba lake. Alisema anasikitika, na bila shaka alisikitika kweli. Hildegarda alimjibu kwamba hakuja kuuliza Evarist anaruhusiwa kufanya nini; alikuja kutafuta mtu atakayemwambia kwamba haifai. Amon alisema kazi hiyo haimo katika ofisi yake.

Walipokuwa wakizungumza, trekta ilisikika.

Hildegarda alipofika shambani, jiko lilikuwa limekwisha kusawazishwa na migomba imelala. Evarist alikuwa akitembea kando ya trekta, akimwelekeza dereva anyooshe mistari. Hakumfukuza Hildegarda wala hakumtolea neno baya. Kazi ilipokwisha, alipanda trekta pamoja na dereva wakaenda Dumila kununua mbegu.

Hapo ndipo Salome alipotokea, peku, jembe likiwa begani. Alilivuka tuta la kwanza, la pili, akasimama. Alitazama nyuma, akarudi hatua kadhaa.

"Alilala kwa ubavu wa kulia, akitazama jikoni," alisema. "Tulimfunika kwa kanga yako ya kijani."

"Wapi, Salome?"

Salome aligusa udongo kwa ncha ya jembe, akasogea, akagusa tena. Jiko halikuwapo, mgomba haukuwapo, na udongo wote ulikuwa wa rangi moja.

"Palikuwa hapa," alisema. Kisha akasema, "Au pale."