Jina la Kaka Chini ya Mvule

...na bado Yunusi anadai tiketi, amesimama kati yetu na mvule na fulana yake ya Hifadhi, "Mama Anthony, mimi nakuheshimu, lakini siku hizi msitu una kiingilio," na mama anamjibu huku anafungua fundo la khanga lenye unga wa mtama, "Mwanangu Yunusi, mimi niliingizwa humu mgongoni kwa bibi yangu, yeye alikatiwa tiketi na nani?" na wageni wawili nyuma yetu wanacheka bila kuelewa, mmoja anaupiga mti picha, hauenei kwenye kamera, anarudi nyuma, anarudi tena, na mimi niliyesimama mbele ya ukumbi mzima wa mdahalo kule chuoni Mlimani nikasema mheshimiwa mwenyekiti, soko huria litauza hadi makaburi, wakagonga meza, leo nauona tu mdomo wa Yunusi unavyocheza, Mama Anthony, Mama Anthony, kila akiita hivyo kitu kinanigonga kwa mbali kama mchi kwenye kinu cha jirani, hakiumi, nakisikia tu... asubuhi stendi ya Newala Haji dereva wa lori aliniita pembeni, ana chapati mkononi, akaona aibu akaificha nyuma, "Priska, mama yako mdogo Winfrida kanituma toka Masasi, Anthony ametutoka alfajiri, pale pale Mkomaindo wodini, mwambie mama polepole," nikasema ahsante, ahsante! kama mtu aliyeletewa mzigo, nikarudi nikakaa, mama akasema shika unga huu usimwagike, kaka yako akipona atacheka tulivyohangaika... Yunusi amechoka, anasogea, "Haya, fanya haraka, bwana mkubwa asije akatukuta," kumbe mizimu nayo ina saa za kazi, ningelisema hilo ukumbini wangeangua kicheko, mama anapiga magoti, anauachia unga kidogo kidogo kati ya vidole, unajengeka kichuguu cheupe chenye ncha, ukisimama wamekubali, ukiporomoka wamekataa, na unasimama, jamani unasimama, wamekubali nini, alfajiri walikuwa wapi, naomba ushahidi, naomba... anawaita, waliolala kwanza, ndivyo alivyotufundisha mimi na Anthony, na enzi hizo Anthony anajipaka unga puani nisiweze kujizuia kucheka, waliolala husalimiwa mmoja mmoja, kisha kimya, ndipo mgonjwa anatajwa, mwisho, peke yake, "Shikamoo babu Nang'ondo, shikamoo bibi Veridiana, shikamoo Baba Anthony," hafungui macho, "Malizia wewe, Priska, sauti yako ndiyo inayofika," ananimiminia kiganjani unga uliobaki, una joto la tumbo lake, Yunusi anakohoa, mgeni anarudi nyuma hatua nyingine, na kile kimya hakijaanza, bado ni zamu ya waliolala, nikinyamaza kidogo halafu nimtaje nitakuwa nimemwombea maiti uzima, mbele ya mama, kwa sauti hii hii inayosifiwa, lakini nikimtaja sasa, bila kituo, nyuma tu ya jina la baba, mama ataelewa, hana namna ya kutoelewa, mpangilio ni wake, ganzi imefika hadi kwenye ulimi na bado ulimi unanyanyuka, ncha ya unga imesimama, kiganja kimejaa, navuta pumzi, shikamoo kaka