Maji ya Kwanza

Miaka kumi na mmoja Ponsiano alipika kahawa kila alfajiri, na miaka yote kumi na mmoja hakuinywa. Alichokunywa ni machicha. Mzungu wa kambi ya mbao ng'ambo ya mto Kilombero, ambaye watu walimwita Bwana Kijiko kwa kuwa alipima unga wa kahawa kwa kijiko kisha akalifungia kopo kabatini, alikunywa maji ya kwanza akiwa ameketi barazani, miguu juu ya kiti cha pili. Ponsiano alisimama nyuma yake, kitambaa mkononi, akingoja kikombe kiishe. Kisha alirudi jikoni, akayachemsha machicha yale yale mara ya pili, akanywa akiwa amesimama vilevile, maana jikoni hamkuwa na kiti. Yaliyobaki aliyaanika juani, akayafunga kwenye gazeti, na mwisho wa mwezi akavuka nayo kwa pantoni mpaka Ifakara kwa mkewe, Digna.

"Maji ya kwanza ni ya Bwana," alimweleza Digna mara ya kwanza kabisa. "Ya pili ya mpishi. Ya tatu ndiyo ya kwetu."

Digna akatia mchaichai na tangawizi, ili hayo ya tatu yapate angalau sababu ya kuitwa kahawa.

Mambo hayo Ponsiano hakuyasahau. Wako watu wanaosema yaliyopita yamepita. Hao ndio waliokuwa wameketi.

Mwaka wa hamsini na saba, mpunga umeshaingia ghalani, aliacha kazi akarudi nyumbani moja kwa moja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwagiza binamu yake wa Mahenge ratili mbili za buni. Cha pili, aliwaalika rafiki zake wawili: Donati, fundi cherehani, na Polikarpo, mvuvi wa Mofu aliyewahi kuburuta magogo kambini kwa Bwana Kijiko huyo huyo. Waje Jumapili baada ya misa. Alichokitaka kilikuwa kidogo tu: akae kwenye kiti chake, nyumbani kwake, anywe maji ya kwanza, na wawepo watu wa kushuhudia.

Jumamosi hakumruhusu mtu kugusa kitu. Aliikaanga buni kwenye kikaango cha udongo, moto wa makaa, akikoroga kwa mwiko bila kupumzika mpaka ikaanza kulia ta, ta, ta na kugeuka rangi ya ngozi ya kiboko aliyetoka majini. Akaimwaga kwenye ungo ipoe, akaipepeta, akaitwanga, akaichekecha. Nyumba nzima ilinuka. Jirani mmoja alichungulia kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Ponsiano akamjibu kwamba kinachoungua ni miaka kumi na mmoja.

Konzi mbili za unga akaziweka kando kwa binti yao Natalia, aliyeolewa Namawala. Zilizobaki akamkabidhi Digna.

"Kesho, nikienda kwa Donati kuazima viti, wewe chemsha," alisema. "Nikirudi nitachuja mwenyewe."

Kesho yake Ponsiano alirudi na viti akakuta Digna ameshachuja. Wageni waliketi uani, vikombe vikajaa, na Ponsiano akawaangalia wanywe kwanza, kama mtu aliyeleta mtoto kubatizwa. Polikarpo alipiga funda, akaramba midomo.

"Tamu," alisema. "Imekolea mchaichai. Ila baba Natalia, hii si ndiyo ile yenu ya siku zote? Au ulimi wangu umeharibiwa na kambale?"

Ponsiano akaonja. Ladha ile aliijua kuliko jina lake. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Mama Natalia. Umechemsha unga gani?"

"Ule ule uliotwanga jana."

"Maji yake ya kwanza yako wapi?"

"Nimeyamimina nje," alisema Digna, kama mtu anayesema amefagia. "Si ulisema mwenyewe siyo ya kwetu? Nikafanya kama ndiga, vile viazi vya porini: maji ya kwanza unamwaga, usije ukazika wageni."

"Ndiga ni sumu, mama Natalia. Hii ni kahawa."

"Nilijuaje mimi? Miaka kumi na mmoja unaniletea kitu ambacho mzungu ameshakipunguza ukali. Nikadhani wenzetu wana matumbo yao."

Polikarpo alicheka mpaka kiti cha Donati kikalia, na Donati akamwomba acheke polepole, kiti hicho ndicho anachoshonea. Ponsiano hakucheka. Hasira ilimpanda, ikageuka kutafuta mtu wa kumwangukia, ikamkuta Digna na mikono yake iliyopasuka kwa jembe, ikamkosa aliyestahili, maana huyo alikuwa ng'ambo ya mto, miguu juu ya kiti.

"Umeyamimina wapi?" aliuliza.

"Chini sikumwaga. Yalikuwa ya moto na vifaranga wamejaa pale. Nimeyatia kwenye kibuyu nyuma ya nyumba, yapoe."

Wakainuka wote wanne. Kabla hawajafika nyuma ya nyumba walisikia mchi. Haukuwa mchi wa mtu aliyechoka. Ulikuwa unapiga mbio, na juu yake sauti ya mwanamke ikiimba wimbo wa mavuno wa Kindamba. Alikuwa shangazi yake Ponsiano, Stefania, ambaye tangu masika alitembea akishika kuta. Sasa alitwanga mpunga peke yake, khanga imefungwa kiunoni, jasho linamtiririka. Kibuyu kilikuwa kimelala ubavu karibu na mguu wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sogea, unanizuia mkono."

"Shangazi, kile kilichokuwa kwenye kibuyu..."

"Dawa ya magoti? Nimekunywa. Kali, lakini imefika. Mama Natalia, mizizi ya mti gani ile?"

"Siyo mizizi, shangazi," alisema Ponsiano. "Ni kahawa. Maji ya kwanza."

Mchi ukasimama hewani. Stefania alikuwa binti mdogo mwaka ule wa vita, baba yake na wajomba zake walipogawiwa maji ya kugeuza risasi za Mjerumani. Wajomba wawili hawakurudi.

"Maji," alisema. "Mwaka ule nao waligawiwa maji. Hayakufanya kitu." Akakitazama kibuyu. "Haya yanafanya kazi."

Akaushusha mchi. Hapo ndipo Ponsiano alipocheka. Alicheka akashika ukuta wa shangazi yake, ule ambao mwenyewe hakuuhitaji tena.

"Zile konzi mbili za Natalia zipo," alisema Digna kwa sauti ndogo.

"Natalia atapelekewa nyingine. Lete sufuria."

Safari hii walipika wawili. Maji yakachemka, Digna akaepua, Ponsiano akatia unga na kufunika. "Salamu Maria tatu," alisema, "za kawaida, siyo zile za Polikarpo anayekimbilia chakula." Wote wakasali, Polikarpo naye. Akafunua, akanyunyiza maji baridi machicha yazame, akachuja kwa kitambaa safi cha marekani. Akammiminia shangazi, akammiminia Digna, akawamiminia wageni, na cha tano akakiweka mbele ya kiti kitupu.

Hakuna aliyekunywa. Walikuwa wanamtazama.

"Baba Natalia," Digna aliuliza, "unamngoja nani?"

Ponsiano alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Polikarpo, wima, kitambaa kimekunjwa juu ya mkono. Akakitazama kile kitambaa. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameinamisha kichwa ili asionekane anacheka.

"Nami nusura niyamwage ya kwanza kwa kusimama hapa," alisema.

"Kaa," alisema Stefania. "Sijazoea kunywa na watu waliosimama."

Akakaa. Kahawa ilikuwa chungu, nzito, ya moto mpaka masikioni. Akanywa funda moja, akafumba macho.

Digna naye alionja, uso ukamkunjamana.

"Ya kwanza nimeiona," alisema. "Sasa nipitishieni mchaichai."

Alipochovya jani kwenye kikombe chake, Ponsiano alikifunika cha kwake kwa kiganja. Kisha, kwa mazoea, Digna akakivuta kile kitambaa chenye machicha, akaanza kuyakwangua kwenye ungo ayaanike juani.

"Acha, mama Natalia," alisema Ponsiano kwa upole. "Mpe mgomba. Hapa ni yeye tu aliyesimama."