Kitabu Chini ya Cherehani

Rachida alikuwa mshonaji anayejulikana Kampemba nzima, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Vitabu hakuvipenda. Binti yake Feza alikuwa akinunua riwaya za vijana kwa wauza mitumba, riwaya za Kifaransa zenye wasichana wanaolia kwa ajili ya mapenzi na mitihani, na kila Rachida alipomkuta amejiinamia alimuuliza kama karatasi ni kitoweo cha ugali: "Kitabu banakulaka na bukari?"

Basi wiki ile ilipoletwa posa ya Zakari, mfanyabiashara wa Mokambo, Feza alimletea mama yake riwaya moja yenye jalada la kijani.

"Mama, soma hii. Lakini usome mbele ya samedi."

"Nitasoma wakati gani? Marobe ya bantu iko inaningoja," alisema Rachida, akionyesha rundo la magauni ya wateja.

Cherehani ilikuwa ikiyumba siku zile, sakafu ilikuwa na shimo. Rachida alikipima kitabu kwa jicho, akakisukumia chini ya mguu wa cherehani. Kilienea barabara. Feza aliangalia, kisha akarudi chumbani kwake.

Jumamosi wazee walikuja. Djafari, baba mdogo aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake, alimwita Feza mbele ya wageni akamuuliza kama amemkubali Zakari. Alimuuliza mara tatu. Feza aliutazama mkeka.

"Mutoto akinyamaza, amekubali," alisema Djafari, na fatiha ikasomwa. Majirani walimsifu Rachida kwa malezi, naye akazipokea sifa kwa mikono miwili. Wahenga walisema pia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ila siku ile, sahani za pilau zikiwa zinapita, nani angelikumbuka hilo?

Miezi tisa ilipita, Feza akiwa kwa mumewe Mokambo. Fundi Constantin alipokuja kuliziba lile shimo kwa saruji, alikivuta kitabu, akakipangusa, akampa Rachida. Jalada lilikuwa limebonyea pale mguu ulipokalia. Rachida alikifungua aone tu kama panya wamekigusa, akakuta pembeni mwa kurasa kumejaa penseli. Mwandiko ulikuwa wa Feza.

Maandishi ya kwanza yalimchekesha. "Huyu anajibia baba yake hivi, na bado anapewa chakula? Kwetu angelala inje." Kurasa chache mbele: "Eti analia juu bwana hakumupigia telefone. Dada, kuja Kampemba, tutakupatia kitu ya kulilia." Rachida alikuwa ameishia darasa la sita, Kifaransa cha kitabu alikiruka, akaifuata penseli peke yake. Alijisikia kama Feza yumo chumbani, anapiga domo huku anakunja nguo za wateja. Alikuwa hajui kwamba binti yake anachekesha hivyo, na jambo hilo lilimuuma.

Katika ukurasa wa tisini na sita penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikakwaruzika.

"Hapa mama yake amegonga mulango, akamuuliza: weye unataka nini? Nimesoma hapa mara ine. Mama, ukifika hapa, uniulize na miye. Mbele ya bantu nitanyamaza, ni heshima. Lakini ukiniuliza weye, sisi babili tu, sitanyamaza."

Rachida alikaa chini, kando ya saruji mbichi. Constantin alimuuliza kama anaumwa, yeye akasoma tena. Mlango wa Feza ulikuwa hatua nne kutoka kwenye cherehani. Wiki nzima ile ya posa alipita mbele yake na futi shingoni, akiingia kumpima gauni la harusi, kifua, kiuno, mikono, na hakumuuliza neno. Alijichukia kweli.

Alichukua simu akapiga Mokambo.

"Feza, niko na kitabu yako. Nimefika kwenye mama anagonga mulango."

Rachida aliweka kidole juu ya ukurasa ule.

"Nimechelewa, mwanangu, najua. Lakini leo niko nakuuliza. Weye unataka nini?"

Alisikia pumzi yake upande wa pili. Alingoja. Hata angetukanwa, angeshukuru. Ndipo sauti ya mwanamume ikauliza huko nyuma ni nani anapiga.

"Ni mama," Feza alisema, kwa ile sauti ya adabu aliyofundishwa nyumbani. "Iko ananisalimia tu."